Umeme Ukikatika, Weye Anza Kazi

Riziki, mama, binti yangu,

Kama unasoma haya, basi umekwisha kufungua boksi la kaske, hiyo ya kuvaa masikioni, maana karatasi hizi nimezikunja chini yake kabisa, mahali ambapo mama yako hawezi kuzipata na kuanza kunisahihisha. Mambo ya chakula, ya sweta, ya kusali asubuhi na ya wanaume wa Bukavu nimemwachia yeye. Anayaweza. Wanaume wa Bukavu anawajua vizuri, alikataa wawili kabla Mungu hajamhurumia na kumpa minye.

Minye baba yako nitaongea juu ya sauti. Kwa sauti, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, hakuna wa kusimama mbele yangu. Unajua nilifika mwaka wa pili wa sekondari, mkuu wa shule akaniambia nikapumzike kidogo nyumbani, na mpaka leo napumzika. Lakini nani alipigisha sono harusi ya Katogota, ile ambayo hata watu wa ng'ambo ya mto Ruzizi waliicheza mashambani mwao bila kualikwa? Nani alivuka ziwa mpaka Kigoma na sono yake, vyombo vya muziki, akarudi navyo vyote, hata waya mmoja haukulowa? Jina la Papa Sono sikuliokota njiani. Nilijipa mwenyewe, halafu watu wakaona linanifaa.

Nakuandikia mchana, weye ukiwa Runingu kumuaga bibi yako. Jioni utarudi, na jioni hiyo hiyo ba mukubwa wako Kashindi, kaka yangu, anakuja na watu wa ukoo, eti kukusindikiza. Minye najua wanakuja kukuzuia. Ndiyo maana naandika sasa, kalamu ikiwa bado na hasira nzuri.

Tuanze na bafle, kwa kuwa avenii nzima, mtaa wote huu, inaiongelea. Ndiyo, nimeiuza. Ile spika kubwa, nyeusi, iliyokuwa inafika mabegani kwangu. Mama Zawadi wa mashini ya kusaga mihogo alinisimamisha asubuhi mbele ya wateja wake wote: "Papa Sono, sasa tukuite nani? Papa Kimya?" Watu wakacheka mpaka unga ukawapanda puani. Nikamwambia: "Niite Papa Riziki, hilo halina bei." Nikaondoka na mwendo wangu ule wa harusi. Lakini nikuambie ukweli, nilipofika kwenye kona nilisimama kidogo, nikapangusa jasho.

Kashindi yeye hakucheka. Alikuja kabla hata godoro lililokuwa linafunika ile bafle halijakauka juani.

"Mudogo wangu, umeuza kitu cha kusikiwa na watu mia, umenunua kitu cha kusikiwa na muntu mumoja?"

"Ndiyo, yaya. Na huyo muntu mumoja ndiye atasema Riziki apewe kazi ya kurekodi masomo Bukavu ao asipewe."

"Kazi! Kukaa mu chumba na kuongea peke yake, hiyo iko kazi ao ugonjwa? Minye nimemuombea nafasi kule depo ya vinywaji. Kreti zinaingia, kreti zinatoka, yeye anaandika. Akienda Bukavu, nafasi inachukuliwa na mwingine. Hawatamungojea."

"Yaya, kreti hazina haja na sauti yake."

"Na sauti itamulisha nini?"

Nikamwambia chai iko tayari. Unajua ukoo wetu, hakuna anayeendelea kugombana kikombe kikiwa mkononi.

Sasa sikiliza namna nilivyokosea kuchagua, maana huko mjini utaonyeshwa vitu vingi vyenye taa zinazowaka rangi tatu, na utakuwa na baba yako ndani ya damu yako. Kwetu, muntu akienda kununua bafle, anasimama mbele yake dukani. Muuzaji anaweka wimbo, anapandisha volumu mpaka mwisho. Mnunuzi anaweka mkono kifuani. Kifua kikitetemeka, analipa. Ndivyo nilivyochagua maisha yangu yote, na kwa harusi njia hiyo haina kosa. Harusini sauti ni ya avenii. Mwenye nyumba anakulipa ili jirani asilale. Ukipiga muziki unaosikika chumbani tu, watasema bwana harusi ni mgonjwa.

Basi nilipokununulia zile bafle mbili ndogo za ordinateri, kompyuta yako, nilifanya hivyo hivyo. Nikaweka mkono kifuani mbele ya vitu vyenye ukubwa wa mkate. Vikanitetemesha! Nikasema hivi ndivyo, funga. Weye ukazitumia kusikiliza jaribio lako la kwanza kabla ya kulituma Bukavu, kwa wale wanaotafuta msomaji wa masomo, na tulikaa wote, minye, weye na mama yako, tukasikiliza ukisoma lile somo la mbuzi na mto, tukapiga makofi. Besi ya zile bafle ilikuwa inafunika kila kitu, kama pilipili inavyofunika samaki aliyelala. Chini ya sauti yako kulikuwa na mngurumo, mmmmm, mrefu, mchafu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sisi tulikula pilipili. Wale wa Bukavu walivaa kaske nzuri za kufunika masikio, wakamkuta samaki.

Kwa hiyo kitu cha kazi usikichague kwa utamu wake. Kichague kwa umbea wake. Kaske yako, hii uliyoitoa sasa hivi, sikuijaribu kwa wimbo hata mmoja. Muuzaji alitaka kuniwekea rumba, nikamkatalia, akaniangalia kama muntu aliyekataa bia ya bure. Nikamwekea sauti ya mama yako, ile aliyonitumia kwenye simu akinigombeza juu ya makaa. Volumu chini. Nikamsikia mama yako akimeza mate kabla ya kuniita mpumbavu. Miaka yote ya ndoa sikujua kwamba anameza mate kwanza! Nikasema hii ndiyo, inasema kila kitu. Zile bafle ndogo zimebaki huku, nitasikilizia mpira.

Na mikro hivyo hivyo. Nilitamani kukununulia ile meza ya vitufe vingi ya kuchanganyia sauti, inayofanana na mahali anapokaa rubani wa ndege. Nilishaiwekea mkono. Halafu nikajiuliza vile vitufe ni vya nani. Vilikuwa vyangu, mama. Nilitaka siku moja nije Bukavu, nisimame nyuma yako, nivizungushe. Weye unaanza, weye unahitaji mikro mmoja unaoingia wenyewe kwenye ordinateri kwa waya wake mmoja, basi. Kila sanduku unaloongeza katikati ni mahali pengine pa kutafuta ubovu siku sauti ikikataa. Ukishapata kazi na kuizoea, nunua meza. Hiyo nitakuja kuizungusha.

Sasa lile jambo lenyewe.

Jibu lao lilipofika kwenye simu, ulilisoma ukiwa umesimama mlangoni. Liliandikwa hivi, nalikumbuka: sauti ni nzuri, lakini kuna mngurumo, njoo Bukavu, rekodi tena kutoka chumba utakachofanyia kazi, tutasikiliza mara moja ya mwisho. Weye ulisikia nini? Ulisikia "mara ya mwisho". Uliweka simu juu ya meza ukasema, "Papa, minye sina sauti." Nikakuuliza, "Nani amesema?" Ukasema, "Wao." Nikakunyang'anya ile simu, nikakusomea kwa sauti kubwa, sauti ni nzuri, sauti ni nzuri, mpaka mama yako akatoka jikoni akafikiri nimelewa. Hukunisikia. Ulikuwa umekwisha kujihukumu.

Hilo ndilo linalonikasirisha mpaka sasa, si mngurumo. Kwa nini muntu wetu akiambiwa kuna kasoro anajishika shingo yake kwanza? Waya uko pale, umekatika umeungwa na mfuko wa plastiki, hakuna anayeutazama. Prizi ya umeme iko inatoa cheche kama mama yako, hakuna anayeitazama. Yeye anajishika shingo.

Kesho yake tulianza kutafuta. Na minye, fundi mkubwa wa Kavimvira mpaka Kalundu, nikaanza kwa kuugombeza mikro. Nikaupuliza. Nikaufungua kwa kisu cha kukatia mboga ya lengalenga, nikaufunga, nikaufungua tena. Weye ukaniambia kwa adabu zako zote: "Papa, hebu ukwaruze kwa ukucha tusikie." Nikakwaruza. Kwenye ordinateri ule mstari wa sauti haukusogea hata kidogo. Ukakwaruza ubavu wa ordinateri yenyewe, mstari ukaruka. Kumbe muda wote ule mashine ilikuwa inasikiliza kwa tundu lake dogo, ule mikro tulioununua ilikuwa haina habari nao! Haukuwa umechaguliwa kwenye ordinateri. Mgeni yuko sebuleni, hakuna aliyemsalimia. Hilo jambo la ukucha usilisahau. Kila mara kabla ya kusoma, kwaruza. Ni dawa ndogo, na inakuokoa usimgombeze asiye na kosa.

Tukauchagua. Mngurumo ukapungua, lakini haukuondoka.

Hapo nilitaka kubadilisha kila kitu pamoja: waya, prizi, kiti, chumba, pengine na mama yako. Ndivyo ninavyofanya. Harusi ya Lubarika, sono ilizimika katikati ya keki. Nikang'oa nyaya zote, nikaweka nyingine, nikabadilisha mikro, nikapiga bafle teke, ikawaka. Watu walinibeba juu! Juma lililofuata, harusi nyingine, ikazimika tena pale pale kwenye keki, na sikujua hata kidogo ni kipi kati ya vile kilikuwa kimeiponya mara ya kwanza. Pengine lile teke. Nikapiga teke tena. Halikusaidia, na vidole vyangu viwili vya mguu unavijua.

Weye ulinishika mkono. "Papa, kimoja kimoja." Tukatoa bafle, tukasikiliza. Bado. Tukabadilisha waya, bado. Tukaacha ile ralonji ndefu, waya wa kuvutia umeme, inayotoka kwa Mama Zawadi, tukachomeka kwenye ile fupi inayotoka kwa Mama Zawadi pia, kwa sababu hapa kwetu nyumba nne tunavuta umeme kutoka mahali pamoja, na mahali penyewe ni kwa mashini ya mihogo. Bado. Ulikuwa unasoma tena somo la mbuzi, umechoka, unalisoma kama muntu anayesoma majina ya waliofeli, na minye nimefunga macho.

Umeme ukakatika.

Avenii ikasema ile "aaah" yake. Mashini ya Mama Zawadi ikakohoa ikanyamaza. Kule chini mtu anayeunga vyuma akatukana. Weye hukuona kitu, ordinateri ilikuwa na chaji, ukaendelea kusoma mpaka mwisho. Halafu ukavaa kaske yangu ya zamani, ile yenye sikio moja, ukasikiliza. Nikaona uso wako unabadilika. Ukarudisha nyuma, ukasikiliza tena. Ukanivika minye.

Sentensi moja, Riziki. Mbuzi akaingia mtoni akiwa na mngurumo, akatoka ng'ambo akiwa safi! Sauti yako ile ile, koo lile lile, pumzi ile ile. Nusu chafu, nusu safi kama maji ya mlimani.

Tukaanza kucheka kama wendawazimu. Umeme uliporudi tukahakikisha: ukiuchomoa waya wa chaji kutoka kwenye ordinateri, mngurumo wa ndani unakufa, inabaki kelele ya mashini inayopita hewani tu. Ukiuchomeka, mngurumo unarudi. Uchafu ulikuwa unapanda kwenye waya, kutoka kwa mihogo na vyuma vya avenii nzima.

Na kosa letu lilikuwa lipi? Ni kosa ambalo muntu wa kwetu tu ndiye anaweza kulifanya. Sisi umeme ukikuja, watoto wanapiga kelele, "Umekuja! Umekuja!", na kila muntu anakimbilia kazi yake. Anayesaga anasaga, anayeunga anaunga, anayepiga pasi anapiga pasi, kanisa linawasha vyombo, na Riziki wangu anakimbia kurekodi. Tunaogopa utaondoka. Tumefundishwa hivyo tangu tumboni. Kwa hiyo ulikuwa unachagua, siku zote, kwa bidii yako yote, saa ile ambayo Uvira yetu nzima inanguruma.

Basi geuza. Umeme ukikuja, weye chaji. Chaji ordinateri, chaji simu, kunja miguu, kunywa chai, andaa maneno yako. Ukikatika, wengine wakianza kulaani, weye chomoa, funga mlango, anza kazi. Wanaotunyima umeme wanafikiri wanatuzima. Waache wafikiri hivyo. Minye sijawahi kufurahia giza lao, lakini nitafurahi sana wakijua kwamba ndani yake kuna muntu anafanya kazi safi kuliko ya wale wenye taa.

Shangazi yako wa Bukavu, utakayekaa kwake, nimempigia. Nikamuuliza chumba chako kiko jirani na nini. Akasema, "Upande huu kanisa, upande ule fundi wa milango ya chuma." Nikamwambia, "Dada, haukupata pia uwanja wa ndege?" Akakata simu. Kwa hiyo usiende ukitegemea ukimya, ukimya utauiba. Na kule mvua inapiga mabati kama mawe. Ikinyesha, usirekodi, lala. Lile godoro lako lisimamishe ukutani nyuma ya mikro, tundika vitenge vya shangazi yako pande zote, mwambie ni vya kazi. Chumba kitupu kinairudisha sauti kama muntu anayekuigiza. Kaa shubiri moja kutoka kwenye mikro, na usiupulizie moja kwa moja, geuka kidogo, kama unavyoongea na muntu aliyekula vitunguu. Ule mstari wa sauti ukifika kwenye nyekundu, rudi nyuma. Usipunguze furaha ya sauti yako, punguza ukaribu. Na kama kuna bafle imewashwa mahali mikro uko wazi, itapiga ule mluzi wa kutoboa kichwa. Kwenye harusi minye husema ni shangazi wa bibi harusi amefurahi. Weye zima bafle.

Ila zaidi ya yote hayo, neno langu ni hili. Wakikuambia tena kuna uchafu, kabla hujajishika shingo, anza mbali. Kwaruza kwa ukucha. Chomoa chaji. Angalia waya. Sikiliza jirani. Badilisha kimoja, sikiliza, badilisha kingine. Ukishamaliza vyote, vyote kabisa, na vyote ni vizima, ndipo ruhusa unayo ya kujiuliza juu ya koo lako. Na hata hapo, niite kwanza. Muntu akikuonyesha kasoro, mshukuru, kasoro ni kazi. Muntu akikuambia weye ndiye kasoro, mwambie baba yako anakuja na kisu cha lengalenga.

Mama yako anasema nimwache Kashindi, kwamba anakupenda kwa njia yake. Najua. Yaya yangu hajawahi kumtakia mtoto wangu njaa. Anaogopa tu, kama minye ninavyoogopa, ila woga wake una kreti zinazohesabika, wangu hauna hata kiti cha kukalia.

Sasa nawasikia uani. Wamefika mapema, na Kashindi anamuuliza mama yako: "Papa Riziki iko wapi? Anajificha?" Mama yako amemjibu, "Iko mu chumba, anaandika." "Anaandika? Yeye?" Wamecheka. Waache wacheke, nitatoka.

Najua watakachouliza. Kashindi ataweka kofia yake juu ya goti, ataniangalia kama alivyokuwa ananiangalia nilipofukuzwa shule, atasema: "Mudogo wangu, niambie mbele ya watu hawa. Una hakika Riziki atapita?" Na wote watanigeukia, kwa sababu wanajua Papa Sono hajawahi kukosa jibu. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu ya kuwachekesha. Nimeyaacha. Nitasimama, nitawaambia kweli yote ninayoijua.

Sijui. Na anaenda.

Baba yako